Cha Kutafunia Chai

Lugha yetu ina sentensi moja fupi ambayo mgeni hawezi kuielewa hata akipewa kamusi: "Leo tunakunywa chai kavu." Chai ni maji, yawezaje kuwa kavu? Mswahili haulizi. Anajua mara moja kwamba birika lipo, vikombe vipo, huenda hata maziwa na iliki vipo, ila sahani ni tupu. Ukavu ni wa meza. Nami nashikilia kwamba katika msemo huo mfupi umo utaratibu mzima wa alasiri ya pwani, na kwamba utaratibu huo unatutoka mikononi kwa sababu tumeacha kuuandika kwa lugha uliokulia nayo.

Tuanze na jina la kile kinachokosekana sahanini. Wengi siku hizi husema kitafunwa. Wazee wangu wa Tanga, na Wazanzibari hadi leo, husema kitafunio. Yote mawili yanakubalika, na kwa zaidi ya miaka 30 niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari sikupata kumkata mwanafunzi alama kwa lolote kati yake. Lakini sikiliza tofauti yake. Kitafunwa kimeundwa kwa kauli ya kutendwa, yaani kile kinachotafunwa. Kwa hesabu hiyo muwa ni kitafunwa, mirungi ni kitafunwa, na ubani pia. Wala sijasikia mtu aliyemkaribisha mkwewe kwa chai na muwa. Kitafunio kimetokana na kauli ya kutendea, kutafunia: ni chakula ambacho kazi yake ni kuisindikiza chai. Ni jamaa ya kitoweo, ambacho nacho hakijitoshelezi mpaka pawe na wali au ugali. Sarufi imekwisha kutuambia kwamba chai na kitafunio ni watu wawili waliooana, na kwamba ukimwalika mmoja umewaalika wote.

Kuna jina la tatu, nalo ndilo lililoniudhi hata nikachukua kalamu. Barua za mialiko ya semina na harusi sasa huandika "chai na baitsi", neno la Kiingereza lenye maana ya kung'ata. Mbwa hung'ata. Siafu hung'ata. Mgeni wangu hutafunia.

Suala hili halikunijia kwa kukaa na kamusi kibarazani. Mtaani kwetu kipo kikundi cha kina mama wanaopika vitafunio na kuvipeleka maofisini na misibani. Mkubwa wao, bibi aliyesifika mtaa mzima kwa mkate wa ufuta, alifariki dunia mwaka jana. Mabinti zake wanaupika mkate huo, nasi tunaula na kuwashukuru, lakini kila mtu anajua kwamba haujafika. Kuna jambo alilokuwa akilifanya na tui, kabla au baada ya kulichanganya na hamira, ambalo hakuna aliyeliandika. Baada ya arobaini kikundi kikaamua kuwa na kijitabu cha mapishi, nikaombwa niwe mwandishi. Siku ya kikao cha kwanza kijana mmoja mhitimu, aliyekuja kutusaidia kwa kompyuta yake na kwa nia njema, akashauri tuandike kwa Kiingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuoka, na hasa hakina msamiati wa vitu vya kuoka visivyo vya sukari. Kuoka, alisema, kulikuja na oveni.

Ningeweza kumjibu kwa hoja ya manufaa tu, kwamba nusu ya wanakikundi waliishia darasa la saba na kijitabu cha Kiingereza wangekitumia kuwashia moto. Hoja hiyo inatosha, na ndiyo iliyoshinda kikaoni. Lakini dai lake lilinikaa moyoni, kwa kuwa huyu ni zao la madarasa yetu. Katika shule zetu za serikali nchini Tanzania mtoto husoma msingi kwa Kiswahili, na akifika sekondari masomo mengi hugeuka Kiingereza. Somo la mapishi nalo liligeuka. Msichana anatoka shuleni akijua majina ya Kiingereza ya unga uliochanganywa na siagi kwa namna tatu, na hajui kwamba kile anachokifanya mama yake kwa makaa kina kitenzi chake.

Hebu tuvihesabu vitenzi. Kuchoma kwajulikana. Kukaanga ni kwa mafuta. Kubanika ni kuweka samaki au nyama kwenye vijiti karibu na moto ikauke ikiiva. Kuvumbika ni kufukia ndani ya majivu ya moto, kama tunavyofanya kwa muhogo, na ni kitenzi hicho hicho tunachotumia kwa ndizi zinazofukiwa zipate kuiva. Kupalia ni kuweka makaa juu ya mfuniko ili moto utoke chini na juu. Huyu kupalia ana mambo mengi: shambani anapalia magugu, na mtu akinywa maji kwa pupa yakamwendea pabaya, anapaliwa. Mwisho ni kuoka kwenyewe, neno la Kibantu lisilodaiwa na Mwarabu wala Mzungu. Mganda ana kwokya, na Mnyarwanda akikuwekea nyama iliyochomwa huiita inyama yokeje. Shina ni lile lile, nalo lilikuwa kinywani mwa watu kabla ya oveni ya kwanza kushushwa bandarini. Tulichopokea kutoka nje ni vyombo na baadhi ya majina yake. Tanuri ni Kiarabu. Oveni ni Kiingereza. Anayeoka na namna ya kuoka vilikuwapo.

Wala chai yenyewe haikutufunza saa ya kuinywa. Waingereza huisimulia chai yao ya alasiri kwa kumtaja Anna, mke wa Duke wa Bedford, mmoja wa wasaidizi wa heshima wa Malkia Victoria. Yasemwa kwamba karibu na mwaka 1840, chakula cha mchana kikiwa chepesi na cha usiku kikicheleweshwa hata saa mbili au tatu, bibi huyu alishikwa na uchovu wa njaa, akaagiza aletewe chai na mkate wa siagi chumbani, kisha akaanza kuwaita marafiki. Wavuja jasho wa viwandani hawakuwa na alasiri ya kukaa. Wao walikunywa chai jioni wakitoka kazini, mezani, pamoja na nyama baridi, mayai, jibini na pai, na hiyo ndiyo iliyopewa jina la "chai ya juu". Hoteli zetu kubwa leo huuza chai ya juu kwa bei ya juu, kwa kudhani kwamba jina hilo ni la kasri. Ni chakula cha kibarua! Nalitaja hili kwa furaha kidogo, nakiri, lakini pia kwa sababu linaonyesha kwamba hata huko kwao vitu vizito vya chumvi viliingia katika chai kupitia meza ya mtu aliyefanya kazi.

Mche wa chai, ni kweli, ulipandwa kwetu katika enzi ya ukoloni: Limuru mwaka 1903, na upande wetu Wajerumani waliujaribu Amani, milimani Usambara, na Rungwe, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Neno ni habari nyingine. Mwingereza alipata jina lake kutoka kwa Waholanzi, nao kutoka matamshi ya Wachina wa pwani ya Fujian. Letu limepitia Uajemi na Bara Hindi, njia ile ile ya majahazi na mazulia. Na saa kumi yetu inafuata sala ya alasiri. Watu wametoka msikitini, jua limepungua ukali, kazi ya mchana imekwisha na ya usiku haijaanza. Mwezi wa Ramadhani unapoingia, meza hiyo husogezwa hadi magharibi ikawa ya futari, na vya chumvi ndivyo vinavyotangulia kuhama. Bedford haihusiki.

Ukiitazama meza hiyo utaona kwamba imeandikwa kama kamusi. Sambusa ni Mwajemi aliyezunguka dunia. Bajia na kachori ni Wahindi. Katlesi ilianza Ulaya ikiwa pande la nyama lenye mfupa, ikapita Bara Hindi ikapoteza mfupa, ikatufikia ikiwa viazi vilivyopondwa, vikajazwa nyama ya kusaga na kuchovywa katika yai. Anayenivutia kuliko wote ni skonzi. Skonzi ya Mwingereza haina hamira: ni unga, siagi na maziwa, huvimba kwa unga wa kuokea, huiva kwa robo saa, na mara nyingi hutiwa jibini ikawa ya chumvi. Ilipovuka kuja Afrika Mashariki, waokaji wetu waliipokea jina wakaikataa asili. Skonzi ya dukani leo, Tanga au Nairobi, ni kijimkate laini cha hamira, kilichoumuka, kinachookwa kikiwa kimegandana na wenzake, cha kumegwa kwa mkono. Jina limebaki, kitu kimekuwa chetu. Sioni aibu yoyote katika kukopa kwa namna hiyo. Kinyume chake kimetokea Forodhani, Unguja, ambako mantabali, kitu chenye jina lake la Kiarabu lililokwisha kuswahilishwa zamani, kimezaa mtoto anayeuzwa kwa watalii kwa jina la pizza, na sasa vijana wa hapo hapo wanamwita hivyo. Katika skonzi tuliswahilisha cha mgeni. Katika mantabali tulimwachia mgeni atubatizie cha kwetu.

Nije kwenye mkate wa ufuta, maana ndio uliotukusanya. Unga wa ngano vikombe vitatu, tui zito vikombe viwili kasoro, yai moja, hamira kijiko kidogo, chumvi kiasi hicho hicho. Si wa kukanda. Ni wa kupiga. Unapigwa kwa kiganja, ukivutwa na kurudishwa bakulini, hata uwe mlaini na uvutike bila kukatika. Unafunikwa uumuke. Lugha yetu hapa ni tajiri kupita haja: unga unaumuka wenyewe, wewe unauumua, ukichelewa unachacha, na kila neno lina hali yake. Chuma kinawekwa motoni bila tone la mafuta, kwa sababu mkate lazima ushike. Unalowanisha mkono, unautandaza unga, unafunika. Vitundu vikijitokeza juu, unapaka tui, unanyunyiza ufuta, kisha unakigeuza chuma chenyewe kiangalie makaa, mkate ukiwa umening'inia ndani yake kama popo. Wenye hofu hupalia makaa juu ya mfuniko badala ya kugeuza. Uso unababuka, ufuta unanukia, unaubandua kwa kisu na kuupaka samli ungali moto. Sukari haimo. Chai ndiyo yenye sukari, na tangawizi, na hapo ndipo siri ilipo: utamu uko kikombeni, chumvi iko sahanini, na ulimi unakwenda na kurudi.

Nimeueleza mkate mzima, kwa uzito wa moto na kwa ishara zake zote, na neno la kukopa nililohitaji ni lipi? Hamira na wenzake wachache ni Kiarabu cha zamani mno kuhesabiwa. Mengine yote yalikuwapo yakiningoja. Nilimsomea yule kijana ukurasa huo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa zuri kuliko dai lake la kwanza: "Sawa, Mwalimu, lakini sura hii tuiite nini? Kiingereza kina neno moja kwa kila kitafunio kisicho kitamu."

Hapo pana tatizo la kweli, nami sitalificha. Kwetu utamu hauko upande wa sukari peke yake. Nyama ni tamu, usingizi ni mtamu, maneno ni matamu. Ukisema "vitafunio visivyo vitamu" umewatukana wapishi. Nimeona vifungashio vya madukani vilivyotafsiriwa hivyo hivyo, na ningekuwa mwenye kiwanda ningelia. Wapo wanaopendekeza tuunde neno jipya, na katika vyuo kuna watu hodari wa kazi hiyo. Mimi napinga. Waulize wauzaji mitaani na watakujibu bila kusita: "Vipo vya sukari na vipo vya chumvi." Maneno mawili, ngeli safi, hakuna aliyepotea. Kivumishi kimoja hakimzidi akili kihusishi na nomino. Lugha ambayo imeweza kusema chumvi imekolea, chumvi imezidi, chumvi haijafika, haihitaji kuazima kivumishi ili kuitaja sambusa.

Kina mama walilikubali hilo kwa urahisi, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa wakisema siku zote. Waliniomba jambo moja zaidi, kwamba sura ya vya chumvi ianze kwa ubeti, ili wasiojua kusoma vyema waushike kwa kichwa. Nikaufanya huu:

Chai hainywewi peke, yataka kutafunia,
Ufuta juu uweke, makaa ukapalia,
Birika nalichemke, tangawizi kulitia,
Mgeni asiondoke, chai haijamwingia.

Ni ubeti wa jikoni, msinipimie kwa mizani ya malenga wakubwa, ingawa minane kwa minane imo, mkitaka kuhesabu. Nilichokipenda ni kwamba siku ya pili yake nilimsikia binti wa miaka kumi na mmoja akiuimba huku akipepeta makaa, naye amebadilisha "tangawizi" kuwa "mdalasini" ingawa mizani yake inazidi kwa mmoja. Alikuwa na mdalasini, hakuwa na tangawizi. Ushairi wetu ulikuwa ukifanya kazi hii tangu zamani, kubeba maarifa ya watu wasio na daftari, na sioni kwa nini mapishi yasirudi humo.

Kuna walionionya kwamba alasiri yenyewe haipo tena. Watu wako barabarani saa kumi, kwenye daladala, wakirudi. Ni kweli kwa miji mikubwa. Lakini maofisi yanaagiza vitafunio kila siku, misiba na maulidi haijaacha kuwepo, na sisi wastaafu tupo. Sisi tuna sababu ya ziada. Daktari amewakataza wengi wetu mafuta, na shinikizo la damu haliheshimu bajia ya mtu. Ndiyo maana katika kijitabu tumeweka sambusa za kuoka: manda zile zile, nyama iliyokaushwa vizuri na kitunguu, pilipili manga na bizari nyembamba, kisha zinapakwa mafuta kidogo kwa brashi badala ya kuzamishwa, na kuokwa kwa moto mkali hadi zipige rangi. Shart lake ni nyama iwe kavu kabisa, la sivyo manda hulainika. Wapo waliozibeza kwamba si sambusa. Baada ya sahani ya pili hawakusema tena.

Kijitabu sasa kina mapishi 22, kumi na manne ya chumvi. Vipimo ni vikombe na vijiko, na pembeni nimeweka kibaba na pishi kwa wale wanaopikia harusi, nikikumbusha kwamba pishi ni vibaba vinne, jambo ambalo wajukuu zetu hawajui. Lile la tui la marehemu tumeliachia nusu ukurasa mweupe chini ya mkate wa ufuta. Mabinti zake bado wanajaribu, Jumamosi hadi Jumamosi, nasi tunakula majaribio.

Katika neno moja tu nilishindwa kwa kura. Ule unga wa kuvimbisha keki na skonzi za Kiingereza nilitaka tuuite unga wa kuumulia, nikatoa na hoja za mnyambuliko ubaoni kama zamani. Kina mama walinisikiliza kwa heshima zote, wakanimiminia chai, kisha mwenyekiti akasema, "Mwalimu, dukani nikiomba unga wa kuumulia nitapewa hamira, na keki yangu itaharibika." Kura zilikuwa kumi na moja kwa moja. Kijitabu kimeandika beking pauda.